Nyumba ya Turffontein Iliyoandikwa Jina Langu

Johannesburg,
Julai 2018

Kaka yangu Mbwana,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, na kwa sababu umenizidi miaka tisa. Lakini nakuambia mapema, kaka, naandika nikiwa na hasira, na sitajitahidi kuificha. Presha yako inaendeleaje? Wifi yangu Rehema goti limepoa? Nimesikia mvua za huko Tanga zilikuwa kubwa mwaka huu. Natumaini paa la nyumba ya baba halikuvuja tena upande wa chumba cha uani.

Sisi wazima wa mwili. Baridi imetukamata vibaya, Amina anakohoa, mdogo wake Idi anavaa soksi mbili mbili, na shemeji yako Salim bado analinda geti la ofisi zile zile. Mimi bado niko ghalani Midrand, nafunga mizigo.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu mwanao Seif niliupata wiki tatu zilizopita. Umeuliza mara mbili kama simu yangu ina tatizo. Haina. Sikujibu kwa sababu kila nikikupigia na kufika kwenye jambo lenyewe unaniambia, "Zuhura, mtandao unakatika, tutaongea," na kweli unakatika papo hapo. Kwa hiyo nimekaa Jumapili hii baada ya kufua, nimewatuma watoto wacheze koridoni, nakuandikia kwa kalamu ili usome mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze tunavyoishi, maana nadhani huko mnatuwazia kitu kingine. Tuko Joubert Park, ghorofa ya saba, na lifti ilikufa kabla Idi hajazaliwa. Flati moja tunakaa familia tatu. Sisi tuna kile kilichokuwa sebule, tumekigawa kwa pazia na kabati. Upande mmoja tunalala mimi na Salim, upande wa pili watoto. Chumbani yuko Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, na wanawe, na kwenye kile kibaraza kilichozibwa kwa mbao wanakaa vijana wawili wa Burundi. Ni watu wema wote. Lakini Amina ana miaka kumi na mitatu, kaka. Anabadilisha nguo nyuma ya mlango wa kabati, mimi nikiwa nimeushika usifunguke. Mwezi wa pili alikataa kubadilisha kabisa, akalala na sare ya shule. Nilipomuuliza akanijibu kwa Kizulu, kama anavyofanya akitaka nisiendelee kuuliza.

Hapo ndipo niliposema basi, lazima tutoke humu.

Kazini nina mwenzangu anaitwa Thandeka, tunafanya meza moja. Siku moja wakati wa chakula akaniangalia akasema, "Hawu, Zuhura, wewe una kitabu cha kijani cha ukaazi wa kudumu, una hati ya mshahara, Joubert Park unafanya nini? Si uende ukachukue ule msaada wa nyumba ya kwanza?"

Sikuwa naujua. Akanieleza. Serikali ya hapa ina msaada kwa watu wa kipato kama chetu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani. Benki inakukopesha kiasi, halafu pale inapoishia, serikali inajazia. Hudaiwi hiyo. Inatoka kwenye kodi, kodi hii hii wanayonikata mimi kila mwezi tangu nilipoanza kazi, na ambayo siku zote nilikuwa naitazama kwenye karatasi ya mshahara na kunung'unika. Masharti ni machache: uwe raia au uwe na ukaazi wa kudumu, uwe na familia unayoilea, na uwe hujawahi kumiliki nyumba. Salim ana kibali cha kazi tu, kwa hiyo ombi likawa langu.

Kaka, kwa mara ya kwanza tangu nije Sauzi nilijiona na mimi ni mtu wa mahali. Nilienda benki kwa miguu yangu, nikavaa lile gauni la Idd. Benki wakakubali. Tukapata nyumba huku Midrand, katika zile nyumba ndogo mpya zilizojengwa kwa safu, dakika ishirini kwa mguu mpaka ghalani. Vyumba viwili, jiko, na kijiuani cha kuanikia nguo. Tulienda wote wanne kuiona. Salim alisimama jikoni anafungua bomba anafunga, anafungua anafunga, mpaka dalali akacheka. Idi alikimbia huku na huku akipiga kelele kusikia sauti yake inavyorudi. Amina aliingia chumba cha nyuma, akasimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili, kisha akaniita. "Mama, hapa ni pangu, neh? Peke yangu, neh?" Aliniuliza kwa Kiswahili. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ni pako.

Nikajaza fomu. Kulikuwa na swali linauliza kama mwombaji amewahi kumiliki nyumba au kiwanja. Nikaweka alama kwenye hapana. Nakuapia, kaka, sikudanganya. Sikufikiri hata sekunde moja, kwa sababu kichwani mwangu sijawahi kuwa na nyumba. Ningewahi kuwa nayo ningekuwa ghorofa ya saba na pazia?

Mwezi wa tano nikaitwa ofisini kwao. Alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani ya kamba, amejifunika blanketi miguuni kwa baridi. Tuliongea Kiingereza chetu cha kuchanganya, nakuwekea kwa Kiswahili.

"Mama, hujawahi kuwa na nyumba?"

"Hapana, dada. Ndiyo maana nimekuja."

Akabonyeza kompyuta, akasogeza miwani. "Eish," akasema. "Mama, Turffontein unapajua?"

Akaigeuza ile kompyuta nione mwenyewe. Palikuwa na jina langu, la baba na la babu, yote matatu yameandikwa sawasawa bila kukosea herufi, na mtaa, na namba ya nyumba, na siku niliyonunua, na siku niliyouza.

"Ile si yangu, dada yangu," nikamwambia. "Ni ya ndugu yangu. Mimi nilimsimamia tu."

Akainua mkono kunizuia, akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Hilo usilirudie hapa, mama. Ukilisema tena itabidi niliandike, na nikiliandika utaulizwa kwa nini ulisaini mbele ya wakili kwamba ni yako. Na hapa kwenye fomu umesema hapana. Chukua fomu yako, nenda nayo nyumbani. Mimi sikuiona."

"Na msaada?"

"Msaada ni wa mara ya kwanza. Wewe mara yako ya kwanza ilishapita, mama. Pole sana."

Sina neno naye. Alinisitiri mtu asiyenijua, na mimi nikashukuru, nikakunja fomu, nikatoka. Nilitembea mpaka robot ya tatu, hizi taa zao za barabarani, ndipo nikagundua nimeacha mtandio wangu kwenye kiti. Sikurudi kuuchukua.

Wewe unaijua nyumba hiyo, na asiyeijua nimweleze, maana barua hii hutaisoma peke yako. Huku mtu wetu akipata kitabu cha kijani, kitabu kile hakiwi chake tena. Kinakuwa cha ukoo, cha mtaa na cha msikiti. Simu ya mkataba ya fulani inaandikwa jina lako. Gari ya fulani, jina lako. Fremu ya duka ya fulani, jina lako. Ndiyo tunaita kumsimamia mtu, na ukikataa wanasema umeshakuwa Mzulu, umesahau kwenu. Nilipokipata changu, baada ya miaka yote ile ya kibali juu ya kibali, haukupita mwezi ukanipigia. Uliniambia Athumani, mtoto wa baba mkubwa, anataka kununua nyumba Turffontein lakini karatasi zake hazijakaa sawa, basi nimsimamie. Nikakuuliza, "Kaka, haitaniletea tabu?" Ukanijibu, "Tabu gani? Ni saini tu. Baba ameshasema."

Baba alikuwa hai bado. Nikasaini.

Unajua malipo yangu yalikuwa nini? Kuku na chipsi na soda, tulipotoka kwa wakili. Funguo sikuwahi kushika. Usiku hata mmoja sikulala humo. Athumani alipangisha vyumba vitatu, akakaa cha mbele na mkewe. Kila Idd tulialikwa. Wageni walikuwa wanaisifu nyumba, Athumani anacheka na kusema, "Alhamdulillahi, tumehangaika," na mimi niko jikoni nasugua masufuria ndani ya nyumba yenye jina langu, nikimaliza namshukuru kwa kunialika. Miaka minne hivyo. Alipoamua kurudi Tanga akaiuza, nikaitwa tena kwa wakili. Hakunipigia kusema asante. Alinipigia kuniuliza kama saini yangu bado ni ile ile.

Leo huko Tanga ana nyumba ya ghorofa na mnamwita Mzee wa Sauzi, mnampa kiti cha mbele kwenye harusi. Mimi nimempigia mara sita. Mara ya sita akapokea mkewe, akasema, "Mume wangu anasema mambo ya zamani yameshaisha."

Nyumba ya Midrand tuliipoteza. Dalali alitusubiri mpaka mwisho wa mwezi wa sita, akaomba radhi, akawapa watu wengine. Mkopo peke yake haukufika, na Salim alitafuta kazi ya pili ya ulinzi mpaka nikamkataza, maana alikuwa anasinzia amesimama. Juzi Amina kaniuliza, "Mama, nani analala kwenye room yangu sasa?" Nilimwambia sijui. Akaenda nyuma ya mlango wa kabati kubadilisha nguo, na mimi nikaenda kuushika.

Sasa, kaka, Athumani simlaumu sana. Athumani ndivyo alivyo tangu utotoni, anakula cha mwenzake kisha anafuta mdomo. Hasira yangu ni kwako wewe, na nitakuambia kwa nini, ingawa unajua.

Baba alipofariki nilikuwa sina nauli ya kuwahi mazishi. Siku ya arobaini mkaniweka kwenye simu, mkaongeza sauti wote wasikie, mkagawa nyumba ya baba ya Ngamiani. Ukasema kwa sauti yako, nayakumbuka maneno yote: "Zuhura ana nyumba yake Sauzi, Mungu amemjalia, hana haja na chumba hapa. Fungu lake atatuachia sisi tulio nyumbani. Au siyo, Zuhura?" Watu wakanisubiri. Athumani, aliyetoka huku kuja kuzika, alikuwa amekaa humo humo, maana nilimsikia akikohoa.

Ningesema nini? Wewe mwenyewe ulinikanya nisimwambie mtu hata mmoja kwamba nyumba ni ya Athumani, asije akaharibikiwa. Nilikuwa nimeshika siri yako na yake. Nikasema, "Sawa, kaka." Shangazi akapiga kigelegele kuwa nina moyo mkubwa. Ukamwambia sheikh aandike, akaandika.

Wengine waliokuwa pale walidanganyika. Wewe hukudanganyika. Wewe peke yako, pamoja na Athumani, mlijua kwamba sina nyumba. Ulijua na ukalitumia. Miaka yote hii nimejiambia labda ulisahau, labda ulikuwa na majonzi ya baba, labda hukufikiria. Siku ile kwenye ofisi, nilipoona jina la baba kwenye ile kompyuta, nilikumbuka kwamba Athumani alikohoa na wewe ulisita kidogo kabla ya kusema "au siyo, Zuhura". Ulisita, kaka. Hukusahau. Nimelia sana kwa hilo, zaidi ya nilivyolilia nyumba.

Na mimi pia nina kosa, sijitoi. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu. Nilipenda kuitwa dada mwenye karatasi. Nilipenda kwamba baba kwa mara ya kwanza ananiomba kitu mimi badala ya kumwomba mtoto wa kiume. Ndiyo maana kalamu ilikuwa nyepesi siku ile.

Tuje kwa Seif. Umesema anakuja mwezi wa tisa, anataka fremu ya kutengeneza simu Rosettenville, mwenye fremu anataka mtu mwenye kitabu cha kijani, na "shangazi yake yupo, ni saini tu". Maneno yale yale, kaka, hata hukuyabadilisha. Nilipousikiliza ujumbe nilikuwa kwenye ngazi, nakaribia mlango wetu, na maji ndoo mbili. Niliziweka chini nikacheka peke yangu mpaka Mama Furaha akatoka kuangalia kuna nini.

Jibu langu ni hapana. Seif ni mtoto wangu, nilimbeba mgongoni. Akija nitampokea Park Station mimi mwenyewe, atalala kwetu, upande wa Idi, atakula tunachokula. Nitamwonyesha foleni ya vibali na nitasimama naye kwenye baridi kuanzia alfajiri, nitampeleka kwa watu wanaoajiri mafundi wa simu. Lakini saini yangu hapati. Hata akinililia. Hata ukinilaani. Na nitamweleza kwa nini, yote kama nilivyokuandikia, ili na yeye akipata kitabu chake ajue anachokishika ni nini.

Nami nina ombi moja, na ni ombi kwa adabu tu, kwa kweli ni dai. Sitaki pesa. Sitaki Athumani anirudishie chochote, nyumba yake ya ghorofa na aishi nayo. Nataka Ijumaa baada ya swala uwakusanye wale wale waliokuwepo arobaini, na sheikh yule yule kama yu hai. Simama useme, "Zuhura hakuwahi kuwa na nyumba Sauzi. Nilijua." Useme maneno hayo mawili, hasa la pili. Kisha fungu langu la nyumba ya Ngamiani liandikwe tena. Nataka kile chumba cha uani, kile kinachovuja. Sihami kesho, wala simfukuzi aliyemo. Nataka tu Amina akiniuliza kwetu ni wapi nimtajie mlango ambao hakuna mtu atakayeufunga.

Ukiniambia jambo hili litakuaibisha, nakuelewa. Mimi niliaibika mbele ya mama wa ofisini mwenye blanketi, nikaishi.

Barua hii anakuletea Bi Somoe, yule anayeleta vitenge kwa basi. Usipate tabu ya kuikunja na kuiweka kabatini. Nimeandika mbili. Ya pili ni ya Shangazi Mwanahawa, na Bi Somoe nimemwagiza aanzie kwake. Kwa hiyo hapo unaposoma, shangazi ameshasomewa, na unavyomjua, hajakaa kimya.

Nisalimie yeye, dada wa pekee wa baba aliyebaki, umwambie kigelegele chake cha siku ile nilikipokea kwa nia njema, namwomba ahifadhi kingine cha Ijumaa hiyo. Nisalimie wifi Rehema, mwambie dawa ya kuchua goti nimeiweka kwenye mfuko wa Bi Somoe, kopo la kijani, asipake jua likiwa kali. Nisalimie mdogo wetu Zena na mumewe, na yule kichanga wao ambaye bado sijamwona. Nisalimie Seif, mwambie shangazi anamsubiri na alete koti zito. Salim anakusalimu, kaka. Nilimsomea barua hii akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia ninao, akanipikia chai.

Huku ofisini kompyuta yao inasema nina nyumba, kwa hiyo hawanipi. Huko Ngamiani karatasi yenu inasema nina nyumba, kwa hiyo hamnipi. Pande zote mbili ni wewe uliyeniambia nikubali. Basi, kaka yangu, uliyenipa nyumba, niambie mlango wake uko wapi, niwachukue wanangu tukalale.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zuhura